Amana ya Maneno: Telegram na Watumiaji Wake wa Eldoret

Katika mwezi wa Novemba 2024, watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa shule za upili, walipokuwa madarasani kote nchini Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano iliziamuru kampuni za simu ziifunge programu ya Telegram kila siku ya kazi, tangu saa moja hadi saa nne asubuhi, na tena tangu saa saba mchana hadi saa kumi alasiri, mpaka mtihani utakapomalizika tarehe 22 ya mwezi huo. Sababu iliyotolewa ilikuwa moja, nayo ni nzito: kwamba ndani ya programu hiyo mlikuwa na chaneli zilizokuwa zikiuza karatasi za mtihani, ziwe za kweli, zilizopigwa picha baada ya kutolewa katika kontena za kuhifadhia mitihani, au za uongo mtupu zilizotungwa ili kumla fedha mzazi mwenye wasiwasi. Hakuna mwenye insafu atakayewatetea wauzaji hao. Lakini katika mtaa wa West Indies, jijini Eldoret, ambako nyumba za kupanga zimebanana na kila chumba kina simu moja au mbili, waliojikuta nje ya mlango hawakuwa wauzaji wa mitihani. Walikuwa ni mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye noti zake zote za muhula zimo humo, msichana aletewaye kazi za kuandika na mwajiri asiyemjua hata kwa sura, na mama mwenye duka ambaye ndugu zake walioko ughaibuni wamezoea kumpigia kwa njia hiyo. Wote waliona maandishi yale yale juu ya kioo, kwamba programu inajaribu kuunganishwa, na si wachache waliokimbilia kununua bando jipya wakidhani la kwanza limekwisha.

Haikuwa mara ya kwanza, kwani Novemba ya 2023, katika msimu ule ule wa mitihani, Telegram ilikuwa imekwama nchini vivyo hivyo. Na swali lililoulizwa vibandani na vinyozini katika misimu yote miwili lilikuwa jepesi kwa sura na zito kwa jawabu: ikiwa chaneli za waovu zina majina na zinaonekana na kila atafutaye, mbona isifungwe chaneli ile peke yake, ikafungwa nyumba nzima pamoja na waliomo? Jawabu la swali hilo limo katika jinsi programu yenyewe ilivyojengwa, na mtu akilielewa atakuwa ameelewa pia ni wapi mazungumzo yake yamo salama na ni wapi hayamo. Rai yangu ni kwamba maneno tunayoyatuma kwa njia hii ni amana iliyowekwa kwa mtu wa tatu, na kwamba karibu kila faida na kila hatari ya programu hii hutokana na jambo moja tu, yaani nani ameshika ufunguo wa amana hiyo.

Telegram ilianzishwa na ndugu wawili wa Urusi, Pavel na Nikolai Durov, ikatolewa kwa umma Agosti 2013. Pavel ndiye aliyekuwa ameianzisha VKontakte, mtandao mkubwa wa kijamii wa Warusi, akauacha na kuihama nchi yake mwaka 2014 baada ya kuvutana na wenye mamlaka waliotaka habari za watumiaji. Na tangu 2017 makao ya kampuni yako Dubai. Machi 2025 alitangaza kwamba watumiaji wa kila mwezi wamepindukia bilioni moja. Historia hiyo yatosha, ila lafaa kukumbukwa kwamba programu ilizaliwa na mtu aliyegombana na serikali, naye akaijenga kwa namna ambayo serikali yoyote moja isiweze kuikamata kwa mkono mmoja.

Mtu anapojiandikisha hutoa nambari ya simu, naye hutumiwa tarakimu za kumthibitisha. Tokea hapo mazungumzo yake hayakai ndani ya simu kama maskani yao ya asili, bali hukaa katika seva za kampuni, yaani kompyuta kubwa zilizotawanywa katika nchi mbalimbali, na simu huwa ni chombo cha kuyasomea. Mwanafunzi aliye West Indies akimwandikia mwenzake aliye Kesses, kilipo Chuo Kikuu cha Moi, ujumbe husimbwa, yaani hugeuzwa usisomeke bila ya ufunguo, ungali simuni, hupita katika minara na nyaya za kampuni ya simu ukiwa umefungwa, na hufika kwenye seva. Huko seva huufungua, huuweka katika hazina yake, huusimba upya na kuupeleka kwa aliyekusudiwa, na nakala hubaki. Akiifungua programu kwa kompyuta ya maktaba, au kwa simu mbili kwa pamoja, ataukuta ujumbe ule ule kila mahali, kwa kuwa kila chombo huisoma nakala ile iliyo kwenye seva.

WhatsApp, ambayo ndiyo inayotumiwa na watu wengi zaidi Afrika Mashariki, imeshika njia nyingine. Tangu Aprili 2016 ujumbe wake husimbwa mwisho hadi mwisho kwa watumiaji wote bila ya wao kuomba, ndiyo kusema ufunguo umo katika simu ya mtumaji na simu ya mpokeaji tu, na kampuni iliyo katikati hubeba kifurushi isichoweza kukifungua. Ujumbe ukishafika, seva haina haja nao tena. Mwenye simu ndiye mwenye hazina, na simu ikipotea bila ya kuwekwa nakala, hazina imepotea.

Tofauti hiyo haionekani mpaka siku ya msiba. Kibandani kwa fundi mmoja wa simu mtaani humu nilimwona kijana aliyenyang'anywa simu jioni ya jana yake akishuka matatu, ambaye alikuwa amekwenda asubuhi na kitambulisho chake kurudishiwa laini, akanunua simu iliyokwisha kutumika, akaketi kwenye benchi kuingiza programu zake moja baada ya moja. Alipotia nambari yake katika Telegram, programu ilimjibu kwamba tarakimu zimepelekwa kwenye kile chombo chake kingine, ndiyo ile simu iliyo mikononi mwa mwizi, ikambidi angoje mpaka aruhusiwe kuletewa kwa ujumbe mfupi wa laini. Alipoziingiza, mazungumzo yakaanza kushuka, ya miaka, na picha, na noti, na hati za kazi. «Fundi, zimerudi zote,» akasema. Fundi, bila ya kuinua kichwa kutoka kwenye kioo alichokuwa akikibandua, akamwuliza: «Na za WhatsApp je?» Kijana akatikisa kichwa. «Hizo basi. Sikuwa nimefanya bekapu.» Kisha fundi akamwonyesha katika mipangilio orodha ya vyombo vilivyo wazi kwa akaunti ile, na humo simu ya zamani ilikuwa bado imeandikwa jina lake na jina la Eldoret, na chini yake muda ilipotumika mara ya mwisho. Kijana alitaka kuiondoa papo hapo, programu ikamkatalia, ikimwambia kwamba chombo kipya hakina idhini ya kuviondoa vya zamani mpaka zipite saa kadhaa. Sharti hilo limewekwa ili mwizi wa akaunti asimfukuze mwenye mali mara aingiapo, nalo ni sharti la busara. Ila kwa aliyeibiwa simu yenyewe, ambayo hakuwa ameifunga hata kwa nambari ya siri, saa hizo ni ndefu mno.

Katika kisa hicho kifupi imo sababu ya watu wa hali ya kawaida kuipenda programu hii. Simu nyingi za mtaani ni za nafasi ndogo, zijaazo picha na video kabla ya mwezi kwisha, na aghalabu hupotea, huvunjika, huuzwa, au hugawiwa mdogo wake mtu. Kwa mwenye simu ya namna hiyo, hazina isiyokaa simuni ni neema. Anaweza kufuta kila kitu kwenye simu ili apate nafasi, kisha akakiteremsha tena siku akihitajipo, ijapokuwa kila kuteremsha kunamgharimu bando. Anaweza kujiandikia mwenyewe, katika sehemu ya kujihifadhia, nakala ya kitambulisho, risiti ya kodi ya nyumba, na picha ya cheti. Faili moja yaweza kufika gigabaiti 2. Kundi laweza kuwa na watu 200,000, na chaneli haina kikomo cha wafuasi. Fauka ya hayo, anayeingia katika kundi leo, wasimamizi wakiruhusu, husoma yaliyosemwa tangu mwanzo, jambo ambalo kwa darasa la chuo lina thamani kubwa, kwani mwanafunzi aliyechelewa kuripoti kwa ajili ya karo hukuta noti za majuma aliyoyakosa zikimngoja kwa mpangilio wake. Katika kundi la WhatsApp, kwa desturi, angekuta ukurasa mtupu na akaanza kuwaomba wenzake.

Sasa tuitazame bei ya neema hiyo. Maadamu seva ndiyo ihifadhiyo, seva ndiyo yenye ufunguo. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram, pamoja na makundi yote na chaneli zote, husimbwa njiani na husimbwa hazinani, lakini kampuni yenyewe inao uwezo wa kuyafungua. Kampuni husema kwamba funguo zimevunjwa vipande na vipande hivyo vimewekwa chini ya sheria za nchi tofauti, ili amri ya mahakama ya nchi moja isitoshe kuulazimisha mlango. Na yamkini ndivyo ilivyo, lakini hilo ni neno la mshika amana juu ya amana aliyoishika, nalo si sawa na kufuli ambayo yeye mwenyewe hawezi kuifungua. Wengi niliozungumza nao hudhani kinyume. Wamesikia kwamba Telegram ni ya siri, na kwa kuwa wamesikia hivyo huandika humo mambo ambayo wasingeyaandika kwingine, ilhali kwa kipimo hiki kimoja cha ufunguo, mazungumzo ya kawaida ya WhatsApp yamefungwa zaidi kuliko mazungumzo ya kawaida ya Telegram.

Wala si jambo geni kwetu kwamba neno lipite mkononi mwa mtu wa tatu. Waliosoma shule za mabweni za Bonde la Ufa wanakumbuka barua zilizopitia sanduku la posta la shule, ambazo mwalimu alizifungua na kuzisoma kabla ya kumpa mwenyewe. Na huko nyumbani barua ya kijana aliyekwenda kutafuta kazi Mombasa ilifika kwa sanduku la kanisa au la mwenye duka, ikasomewa bibi na mjukuu ajuaye kusoma. Siri yao ilitegemea tabia ya mwalimu, ya mwenye duka na ya mjukuu, nao walikuwa watu waliojulikana, waliosalimiwa kila siku, na waliokuwa na haya. Anayeshika maneno ya mama wa West Indies leo hajulikani kwake kwa jina wala kwa sura, hawezi kuulizwa barazani, na tofauti na yule mjukuu, yeye huweka nakala.

Telegram yenyewe inayo njia ya kuuondoa ufunguo mikononi mwake, nayo ni mazungumzo ya siri, ambayo mtumiaji lazima ayafungue kwa makusudi kutoka katika ukurasa wa yule anayetaka kusema naye. Hayo husimbwa mwisho hadi mwisho, hayawekwi kwenye seva, hayahamishiki kwenda simu nyingine, hayawezi kupelekwa mbele kwa mtu mwingine, na yaweza kuwekewa muda wa kujifuta. Ni ya watu wawili tu, hayawezekani katika kundi. Yaani neema zote nilizozitaja juu huondoka mara moja: simu ikiibwa, mazungumzo hayo yamekwenda nayo. Kwa hiyo mtumiaji hapewi vyote viwili, urahisi wa kukuta maneno yake popote na uhakika wa kwamba hayuko mwingine awezaye kuyasoma. Na kwa kuwa urahisi ndio unaokuja wenyewe bila ya kuombwa, na siri ndiyo ya kutafutwa, wengi huishi miaka na programu hii pasipo kuufungua mlango huo hata mara moja.

Simu za sauti na za video za watu wawili, hata hivyo, husimbwa mwisho hadi mwisho bila ya mtu kuomba, na pana jambo dogo ambalo ningependa kila mzazi mwenye mtoto ng'ambo alijue. Simu inapounganika, juu ya kioo hutokea vipicha vinne: pengine samaki, mwavuli, ndege na kengele. Vipicha hivyo hutokana na ufunguo wenyewe. Mama aliye Eldoret na bintiye aliye Minnesota wakisomeana vipicha vyao na vikawa vinne vile vile kwa utaratibu ule ule, basi wamejua kwamba hakuna aliyejipenyeza katikati ya mazungumzo yao. Kazi hiyo haichukui hata nusu dakika, na haihitaji elimu yoyote zaidi ya kujua majina ya wanyama na vitu.

Lakini hata kufuli bora haina maana ikiwa mtu mwingine anaweza kuja mlangoni akajiita wewe, na hapa ndipo ilipo, kwa maoni yangu, hatari kubwa zaidi kwa mtu wa kawaida wa Kenya, kubwa kuliko seva na kuliko serikali. Akaunti yote imefungwa kwa nambari ya simu. Nambari hiyo nchini Kenya husajiliwa kwa kitambulisho, na ndiyo hiyo hiyo ya M-Pesa, ambayo humwonyesha anayetaka kutuma fedha jina la mwenye laini kabla hajazituma. Hivyo aliyeipata nambari yako katika kundi la Telegram, hata kama umejiita kwa lakabu, yuko hatua moja tu kutoka katika jina lako la kitambulisho. Programu inayo dawa ya hilo. Mtu anaweza kuificha nambari yake isionekane na yeyote, akajulikana kwa jina la mtumiaji tu, na akazuia hata wale wenye nambari yake wasimgundue kwayo. Mipangilio hiyo imo katika sehemu ya faragha na usalama, na mwenye kuingia katika makundi ya wageni asiingie kabla ya kuipitia.

Kisha laini yenyewe si mali ya milele. Isipotumika kwa miezi kadhaa hurudi kwa kampuni na kuuzwa kwa mwingine, na huyo mwingine akijiandikisha Telegram kwa nambari ile, tarakimu za kuthibitisha zitamjia yeye. Akazitia, ataingia si katika akaunti mpya bali katika akaunti ya aliyemtangulia, na kuikuta hazina yake yote. Kadhalika tapeli aliyefanikiwa kuihamisha laini ya mtu kwenye kadi nyingine. Kinga ya mambo hayo yote mawili ni nywila ya pili, ambayo mwenye akaunti hujiwekea mwenyewe na ambayo huulizwa baada ya tarakimu. Pasipo hiyo, aliye na laini ndiye aliye na kila kitu. Na pana ghiliba ambayo haihitaji laini hata kidogo: ujumbe unatoka kwa rafiki, ambaye akaunti yake imekwisha kutekwa, ukisema kwamba amekosea akaelekeza tarakimu zake kwako, na kwamba anaomba umsomee. Ni za kwako. Ukizisoma, nawe umetekwa, na jioni ile ile jamaa zako wote wataombwa fedha kwa jina lako.

Laghai wa aina nyingine hukaa katika makundi na chaneli, na kuhusu hao nitasema machache kwani wanajulikana. Kijana huandikiwa kuwa ipo kazi ya kubofya video, hulipwa fedha kidogo siku ya kwanza ili aamini, kisha huambiwa atie fedha zake ili apandishwe daraja, na hapo huwa amenaswa. Muuza mtihani wa uongo ni ndugu wa huyo. Chaneli humfaa kwa sababu mwenye chaneli haonekani jina lake kwa wafuasi, wafuasi hawaonani, maoni yaweza kuzuiwa, na aliyelaghaiwa hana mahali pa kusimama akawaonya wenzake. Polisi wa upelelezi wamewahi kutangaza kukamatwa kwa wasimamizi wa chaneli kama hizo.

Hapo twaweza kulijibu lile swali la vibandani. Kampuni ya simu, ambayo ndiyo iliyo chini ya mamlaka ya Kenya, huona tu kwamba simu fulani inazungumza na seva za Telegram. Kwa kuwa kila kitu kimesimbwa kati ya simu na seva, haiwezi kujua kama mwenye simu anasoma chaneli ya mtihani, au anasikiliza mawaidha, au anampelekea mamaye picha ya mtoto. Haiwezi kuchambua, kwa hiyo ikiamriwa kufunga hufunga vyote. Awezaye kuchambua ni mwenye seva, ambaye huiona chaneli, huijua nambari ya aliyeifungua, na anaweza kuifuta kwa dakika moja bila ya kumgusa jirani. Ila yeye yuko Dubai. Serikali basi ilikuwa na uchaguzi kati ya kubembelezana na mwenye ufunguo asiye chini yake na kuzuia njia nzima iliyo chini yake, nayo ikachagua njia. Na kuzuia njia hakukuwazuia waliokusudiwa, kwani kijana mjanja hutumia VPN, yaani programu ya kupitishia mawasiliano kwenye seva nyingine, na Telegram yenyewe inayo mahali pa kuwekea njia za kukwepea. Waliozuilika kweli ni wale wasiojua mambo hayo, yule mama wa duka na wa mfano wake. Hatua iliyomwadhibu asiye na hatia kwa sababu tu ni mgeni wa teknolojia siwezi kuiita haki, hata kama lengo lake lilikuwa jema.

Si Kenya pekee. Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila aliyetaka kutumia mitandao ya kijamii na programu za ujumbe tangu Julai 2018, na Januari 2021, siku za uchaguzi, iliufunga mtandao wote wa intaneti. Tanzania nayo, katika mkesha wa uchaguzi wa Oktoba 2020, watumiaji wake walikuta WhatsApp, Twitter na Telegram zimezuiwa. Somalia ilitangaza Agosti 2023 kuipiga marufuku Telegram pamoja na TikTok, ikitaja matumizi ya magaidi na upotofu wa maadili. Sababu hutofautiana, njia ni moja, na chanzo chake ni kile kile nilichokitaja: serikali haiwezi kusoma, basi hukata.

Lakini mwenye ufunguo naye si huru kama alivyojitangaza. Tarehe 24 Agosti 2024 Pavel Durov alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Le Bourget, karibu na Paris, kwa uchunguzi wa makosa yaliyosemekana kutendwa ndani ya programu yake na wengine, yeye akiwa hakuyazuia. Na mwezi uliofuata kampuni ilibadili sera yake, ikasema kwamba itatoa nambari ya simu na anwani ya mtandao ya mtumiaji anayeshukiwa uhalifu, serikali ikileta ombi halali la kisheria. Sera ya awali ilikuwa imelifunga jambo hilo kwa washukiwa wa ugaidi. Mtu aweza kuyaunga mkono mabadiliko hayo, kwani muuza mtihani na mnasa vijana wanastahili kupatikana. Lakini asidhani kwamba yalipitishwa kwa kura ya watumiaji. Mshika amana alibanwa katika uwanja wa ndege wa Ufaransa, na masharti ya amana yakabadilika Eldoret.

Mahakamani Nairobi, mashirika saba, miongoni mwao chama cha wanablogu BAKE, tawi la Kenya la tume ya wanasheria ICJ, na Katiba Institute, yamepinga kule kufungwa kwa Telegram nchini, na tarehe 14 Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda kuzikataza Mamlaka ya Mawasiliano na kampuni za simu kuukatiza mtandao wakati kesi ikiendelea. Tarehe 25 Juni mwaka huo huo, siku ya maandamano ya kuwakumbuka waandamanaji waliouawa mwaka uliotangulia, wapimaji wa mtandao wa NetBlocks waliripoti kwamba Telegram imezuiwa tena Kenya. Muda wa majuma sita tu ulikuwa umepita tangu amri ile itolewe.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, humpa kila mtu haki ya kutoingiliwa siri ya mawasiliano yake, lakini kesi hiyo ya mashirika, kwa haki kabisa, inamwelekea yule azuiaye njia. Haimwelekei mshika amana. Huyo anaelekewa na sheria nyingine, Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo katika kifungu cha 4 hujitanua kumfikia hata mwenye kuchakata data aliye nje ya nchi, maadamu wenye data hiyo wako Kenya. Na kwa sheria hiyo mama mwenye duka wa West Indies anayo haki ya kujua ni habari zake zipi zimeshikwa na zinatumiwaje, haki ya kuzisahihisha, haki ya kutaka zifutwe zilizo za uongo au za kupotosha, na haki ya kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye ofisi yake ilipata mkuu wake wa kwanza Novemba 2020. Walalamikaji huko wamekuwa wakilalamika zaidi juu ya programu za mikopo, shule na vilabu vya starehe, vilivyo karibu na vinavyofikika. Juu ya maneno yao wenyewe, yaliyorundikwa kwa miaka katika seva za ng'ambo, mtaani kwetu sijamsikia bado aliyeuliza.